Mizani Saba



Hoja kwamba vijana wanaochana mistari juu ya mapigo ya mashine wasiitwe washairi nimeisoma mara nyingi mno sasa, na safari hii sitanyamaza. Mwenzetu mmoja amefika mahali pa kusema kuwa kumwita mchanaji mshairi ni sawa na kumwita mpiga debe wa stendi mhubiri. Nilicheka, kwa kuwa mfano wenyewe umekaa vizuri. Kisha kicheko kikanikauka, kwa sababu mfano huo niliwahi kuutoa mimi, darasani, zaidi ya miaka 20 iliyopita, na kijana niliyemlenga alikuwa ameketi dawati la tatu kutoka mbele.

Nisidhaniwe wakili aliyelipwa. Mimi ni mtu wa arudhi. Chuo cha ualimu nilitoka na stashahada mkono mmoja, na mkono wa pili kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954, ambacho nilikivika gazeti ili jalada lisichakae. Nimefundisha Malenga Wapya, nimefundisha Wasakatonge na Fungate ya Uhuru, nimesahihisha beti za watoto wa watu kwa wino mwekundu, vidole vya mkono wa kushoto vikihesabu na wa kulia ukikata alama. Ukwapi mizani 8, utao mizani 8. Pungufu, rudia. Zidio, rudia. Kezilahabi nilimheshimu kama jirani yetu wa Ukerewe na kama mwandishi wa riwaya. Mashairi ya Kichomi niliyasoma kwa shingo upande. Kwa hiyo anayetaka kunieleza uzuri wa vina na mizani atakuwa anampelekea mvuvi maji.

Nilipostaafu nilijenga Segese, katika Halmashauri ya Msalala, nikidhani napata kimya cha kusomea. Kimya hakipo. Huku ni nchi ya dhahabu, na mahali ambapo mawe ya dhahabu yanaletwa kwenye viroba, karasha hazilali. Kwa wasioijua, karasha ni pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini, ndani yake mna vipande vya chuma vinavyodunda na kusaga mawe mpaka yawe unga, kisha unga huo unakwenda mwaloni kuoshwa na kutiwa zebaki. Usiku ukitulia unazisikia tatu au nne kwa pamoja, kila moja na mwendo wake, na baada ya miezi kadhaa unaweza kutambua ya nani imezimika kabla mwenyewe hajaamka.

Mmoja wa wenye karasha hizo ni yule kijana wa dawati la tatu. Hakumaliza kidato cha nne. Alishuka maduarani, akajifunza kusuka matimba ya kuzuia ardhi isianguke, akafanya kazi mwaloni, akafilisika mara mbili, akainuka. Leo wachimbaji wanamwita bosi, na mimi namwita rafiki. Hufika kwangu jioni, hubisha hodi, huniamkia kwa adabu ileile ya shuleni, na huwa hakai mpaka nimwambie keti. Siku moja alitoa memori kadi mfukoni, akaichomeka kwenye redio yangu ndogo, akasema: “Shikamoo tena Mwalimu. Leo mimi ndiye ninayetoa kazi ya nyumbani. Zisikilize zote mpaka mwisho, usiruke. Nitarudi kusahihisha.”

Zilikuwa albamu sita. Funga Kazi ya Hard Blasters, ya mwaka 2000. Machozi, Jasho na Damu ya Joseph Haule, yaani Professor Jay, ya mwaka uliofuata. Vina Mwanzo, Kati na Mwisho ya Fareed Kubanda wa Mwanza, ambaye vijana wanamwita Fid Q. Kilio cha Haki ya Ukoo Flani Mau Mau wa Mombasa na Dandora, ya mwaka 2004. Mbili za mwisho zilikuwa muziki wa metali, nazo nitazifikia, maana kwa hizo tuligombana.

Nilianza kama ninavyoanza siku zote, kwa penseli. Nilitaka kuja hapa na jedwali la makosa. Mshororo mmoja ulikuwa mrefu, wa pili mfupi, wa tatu umevunjika katikati kama fimbo, na nikaandika pembeni: hana mizani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu nilichoka, nikaiweka penseli, nikabaki napiga goti kwa kiganja bila kukusudia, kama mtu anayesubiri gari. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kiganja changu hakikosei. Ngoma ilipiga nne, kisha nne, kisha nne, na mchanaji hakuongeza pigo wala hakupunguza. Ndani ya mapigo hayo manne alimwaga silabi nyingi au chache, akaharakisha, akachelewa, mara nyingine akanyamaza kabisa. Lakini neno alilotaka lisikike liliangukia pale pigo lilipoangukia, na kina kilifika kabla mlango haujafungwa.

Ndugu zangu, hiyo ni mizani. Si mizani yetu ya kuhesabu silabi, ni mizani ya kuhesabu mkazo na muda. Na ni kali kuliko yetu. Kipande chenye silabi 7 badala ya 8 kitapita machoni pa wasomaji 100 na kukamatwa na mwalimu mmoja mwenye wino. Lakini anayekosa pigo mbele ya ukumbi hukamatwa na kila mwenye mguu.

Tena tukumbuke tulikotoka. Amri Abedi mwenyewe, ambaye jina lake tunalitumia kama rungu, alishikilia kwamba shairi ni wimbo na sharti liimbike. Mizani ilikuwa mtumishi wa mahadhi. Ilikuwepo ili sauti ya mwimbaji isipungukiwe maneno wala isizidiwe. Sisi tumeyaacha mahadhi yaende zake, tukabaki na mtumishi, tukamvika taji. Ni nani kati yetu aliyechapisha shairi mwaka huu na anaweza kuliimba kesho mbele ya watu? Mimi siwezi. Nimejaribu, mke wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Nije kwenye kina, kwa kuwa hapa ndipo ninapowatuhumu zaidi, nikianza na nafsi yangu. Tumefundishwa kwamba kina ni silabi ya mwisho kufanana. Kwa sheria hiyo “pesa” na “kisa” zimetosheka: sa na sa. “Karasha” na “maisha” zimetosheka: sha na sha. Lakini mkazo wa Kiswahili hauko kwenye silabi ya mwisho. Uko kwenye ya pili kutoka mwisho. Sikio linashika “pe” na “ki”, ambazo hazifanani, halafu “sa” inapita nyuma yake kama mkia wa ng'ombe aliyekwisha kupita. Weka “pesa” na “tesa” na utasikia tofauti bila kuelezwa. Tena lugha yetu, ambayo maneno yake ya asili huishia kwa irabu na vitenzi vyake vingi huishia kwa a, imekifanya kina cha silabi moja kuwa rahisi kupita kiasi. Tia kauli ya kutendana kila mwisho wa mshororo, wakapendana, wakagombana, wakaelewana, na beti kumi zimekwisha mtunzi akiwa amelala. Nimezitunga hizo beti. Nimezipongeza zikitungwa na wenzangu.

Wachanaji wakubwa hawakuridhika na mkia. Kina chao huanzia kwenye mkazo, na wakiweza hurudi nyuma zaidi, wakakiburuza kina silabi mbili, tatu, nne. Wao hawafananishi “ki” na “ki”. Wanafananisha “zebaki” na “hatubaki”. Kisha hawakiachi mwisho wa mshororo tu. Hebu litazameni lile jina la albamu ya Fid Q: vina mwanzo, kati, na mwisho. Hilo si jina la uhuni. Ni istilahi zetu wenyewe, za vina vya kati na vina vya mwisho, zilizochukuliwa na kijana wa Mwanza na kuongezewa daraja moja ambalo arudhi yetu haikulidai. Angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Lakini yule aliyekuwa mwanafunzi wangu sikumpa.

Rafiki yangu aliporudi nilimweleza uvumbuzi huu wote kwa majivuno ya mtu aliyegundua bara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha, macho yakiwa kwenye kikombe cha chai, akaghani:

Baba kashika sululu, mama kapika gongo,
Mwalimu kashika chaki, nami nashika mgongo.

Sikuikumbuka. Yeye ndiye aliyenikumbusha kwamba ni yake, kwamba aliiandika kwenye daftari la Kiswahili nilipowaagiza watunge shairi la tarbia juu ya familia, na kwamba chini yake niliandika: “Kipande cha pili mizani 7. Vina vya kati hakuna. Matusi. Rudia.” Baadaye, wakati wa kurudisha madaftari, nikaisoma kwa sauti ya kejeli nikimwiga mpiga debe, na darasa likacheka. Hakurudia.

Sasa na tuisahihishe upya, pamoja, kama watu wazima. Ukihesabu silabi, nilikuwa sahihi: nane, saba, nane, nane. Hesabu mkazo. BAba kaSHIka suLUlu: mitatu. MAma kaPIka GOngo: mitatu. MwaLImu kaSHIka CHAki: mitatu. NAmi naSHIka mGOngo: mitatu. Hakuna kipande kilichopungua. Ile silabi moja niliyoidai ilikuwa imejaa kimya, na kimya hicho kilikuwa cha kukusudia, pumzi ya mtoto aliyetaja pombe haramu ya mama yake mbele ya watu. Vina vya mwisho: “gongo” na “mgongo”, si silabi moja, ni neno zima ndani ya neno. Vina vya kati nikasema hakuna, kwa sababu nilivitafuta pale nilipofundishwa kuvitafuta, ukingoni mwa kipande. Vilikuwa tumboni: kashika, kapika, kashika, nashika. Vipande vinne, vina vinne, kila kimoja kwenye neno la pili. Na matusi? Gongo ilipikwa. Sululu ilishikwa. Mgongo ulishikwa kwa sababu fimbo yangu ilikuwa imeupitia asubuhi ile. Hapakuwa na tusi lolote, ila habari.

Sisemi kwamba wino wangu ndio uliomtoa shuleni. Ada ndiyo iliyomtoa, na yeye mwenyewe amenikataza nisijipe ukubwa huo. Nasema tu kwamba mwenye sikio alikuwa yeye na mwenye cheo nilikuwa mimi, na sheria niliyoishika haikuwa na njia ya kunijulisha hilo.

Nayajua majibu yatakayokuja. Jibu la kwanza ni kwamba hip hop ni ya Wamarekani. Ni kweli ilizaliwa Bronx, New York, na watu wake huitaja sherehe aliyoipigia muziki DJ Kool Herc, kijana mwenye asili ya Jamaika, tarehe 11 Agosti 1973. Mwaka huohuo ilitoka Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mashairi yaliyotungwa gerezani. Mimi napenda kuviweka vitu hivyo viwili meza moja. Lakini kama kukopa ni kosa, basi tuanze na nyumba yetu: shairi, arudhi, bahari, beti, mizani, maneno yote haya yamevuka maji kutoka Uarabuni, na hakuna anayetuita Waarabu wa bandia. Saleh Jabri alipochukua wimbo wa Kimarekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kuutilia maneno ya Kiswahili, alifanya kile ambacho mtunzi wa pwani alifanya karne nyingi kabla yake: alichukua mahadhi yaliyokuwa mezani akayapa lugha. Miaka kumi baadaye mahadhi yenyewe yalikuwa yamebadilika.

Na kujibizana je? Muyaka bin Haji alitumia mashairi kupigana na washairi wa Lamu, akijisifu, akitisha, akidharau. Huku kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma tangu karne ya 19, kila upande na manju wake na dawa zake, nyimbo zikirushwa kama mawe juu ya uwanja, na hakimu ni umati: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Nilikwenda kuzitazama nikiwa mtoto, kwa siri, maana nyumbani tulikuwa watu wa kanisa. Mtu aliyekulia uwanja huo hawezi kuniambia kwamba mchanaji anayejigamba ameleta kitu kigeni. Majigambo ni utanzu tunaoufundisha kwenye fasihi simulizi. Tunawataka wanafunzi wautolee mifano, kisha wakiutolea mfano hai tunawafukuza.

Jibu la pili ni la hatari zaidi kwa kuwa linajifanya urafiki. Wapo wanaosema: “Mimi sina tatizo na hip hop, mradi iwe na ujumbe.” Hawa ndio waliozoea kuuliza dhamira kabla ya kusikia sauti. Nawajua, niliwatungia mitihani. Wao huchukua “Ndiyo Mzee” ya Professor Jay, wakaandika ubaoni kwamba ujumbe ni ahadi za uongo za wanasiasa, wakafuta ubao, wakaenda kunywa chai. Kazi haijaanza. Isikilizeni tena mkimkumbuka Mathias Mnyampala na ngonjera zake. Katika ngonjera, asiyejua huuliza, anayejua hujibu, na mwishowe wote hukubaliana, ndiyo maana zilifaa sana kueneza siasa ya Ujamaa. Katika “Ndiyo Mzee” mgombea anaahidi yasiyowezekana na umati unaitikia kukubali, kila mara, bila kuchoka. Ni ngonjera iliyopinduliwa ndani nje. Makubaliano, ambayo zamani yalikuwa kilele cha hekima, yamekuwa ndiyo kicheko chenyewe. Anayetafuta ujumbe tu hataliona hilo, kwa sababu halimo kwenye maneno ya mgombea. Limo kwenye kiitikio.

Nikumbushe pia jambo ambalo nalipenda kuliko linavyostahili. Uchaguzi wa mwaka 2010 ulipeleka bungeni watu wawili wa tungo. Mmoja alikuwa Kulikoyela Kahigi wa Bukombe, profesa wa isimu, aliyeandika na Mugyabuso Mulokozi vitabu vya Malenga wa Bara na Kunga za Ushairi, na kusimama upande wa ushairi huru wakati wazee wetu walipowaona wanaouandika kuwa wavunja nyumba. Mwingine alikuwa Joseph Mbilinyi wa Mbeya Mjini, yaani Mr. II, mchanaji. Mwaka 2015 Professor Jay naye akaingia kwa jimbo la Mikumi. Sijui kama waliwahi kuzungumza juu ya mizani wakati wa kunywa chai, lakini wananchi walikwisha kuamua kwamba hao wote ni watu wa maneno, nasi bado tunabishana mlangoni nani aingie.

Siwatetei kwa kila kitu. Kiingereza kinachochomekwa mwisho wa mshororo kwa sababu kina cha Kiswahili kimekosekana ni uvivu uleule wa kutendana, umebadilisha nguo tu. Katika albamu nilizopewa upo, na mahali ulipo nilikunja uso. Dharau kwa wanawake siitetei hata kidogo, wala sikubali kuambiwa kwamba ni desturi ya sanaa hiyo. Na wengi wanaosikika redioni hivi sasa hawana mstari wala pigo, wana pesa ya video. Lakini ushairi wetu nao tunaupima kwa Shaaban Robert, hatuupimi kwa salamu za maulidi zinazosomwa kwa kina cha “-eni”. Tuwapime na wao kwa wakubwa wao.

Sasa metali.

Albamu ya tano ilikuwa Paranoid ya Black Sabbath, ya mwaka 1970, na ya sita ilikuwa Duma, iliyotoka mwaka 2020, ya vijana wawili wa Nairobi wanaojiita kwa jina hilohilo. Sisi kwa Kiswahili tunaona mnyama mwenye mbio. Wao wenyewe wameeleza kwamba wamelitoa kwenye neno la Kikikuyu lenye maana ya giza. Albamu hiyo ilitolewa Kampala na watu ambao jina la kampuni yao mwalimu wa Kiswahili hawezi kulitamka mbele ya darasa, ingawa wenyewe wanasema kwa Kiganda halina ubaya. Niliisikiliza nyumbani kwa dakika nne. Niliizima. Nilidhani redio imeharibika.

Rafiki yangu alinicheka, akaniambia kosa ni la mahali. Akanichukua jioni mpaka kwenye karasha yake, akanikalisha juu ya kiroba cha marudio, akaweka spika mbili kwenye ukuta wa mabati, na injini ikiendelea kunguruma akaanza na wale Waingereza. Alinieleza kwa nini anawapenda. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa Birmingham aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha mabati. Akiwa na miaka 17 mashine ilimkata ncha za vidole viwili. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvalia vidole hivyo, na baadaye akazilegeza nyuzi ili zisimuumize, na sauti ikawa nzito, ya chini, kama kitu kinachoburutwa. Rafiki yangu alininyoshea mkono wake wa kulia alipokuwa akisema haya. Kidole cha shahada hakina ncha; mkanda wa injini uliichukua. Nimekiona kidole hicho miaka mingi kikishika kikombe changu, na sikuwahi kumwuliza.

Kisha akaweka Duma. Pale, katikati ya ile karasha, niliisikia kwa mara ya kwanza. Sikuweza kutenganisha ngoma yao na pipa lake. Sauti ya mwimbaji ilikuwa mayowe, na maneno yake sikuyashika hata moja, lakini sikuona tena kama redio imeharibika. Niliona kama mtu fulani amekwenda kusikiliza ulimwengu wa mashine unavyosikika ukiwa ndani yake, akarudi nao jinsi ulivyo, bila kuufuta jasho.

Hata hivyo nilimwambia, na nawaambia nanyi, kwamba hapo ndipo ninapoweka mpaka wangu. Ushairi ni maneno. Mayowe yasiyo na maneno nayaita kilio, na kilio nakiheshimu, lakini nikiletewa kilio siwezi kukihakiki kama shairi. Alinijibu kwa kunikumbusha Nyangarata, hapa hapa wilayani Kahama, ambako mwaka 2015 duara lilititia na wachimbaji watano wakatolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. “Mwalimu,” akasema, “kule chini ukiita, aliye juu hasikii maneno. Anasikia sauti tu, na kwa sauti hiyo anajua uko hai.”

Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Mpaka wangu bado uko palepale, lakini sina tena uhakika nani yuko upande gani. Atakayeweza kumjibu kwa niaba yangu na aandike, nitampelekea.

Kuhusu wachanaji, sina shaka yoyote. Wanaotaka kuwafungia mlango waje kwanza na hesabu ya mkazo, si ya silabi, na waonyeshe pigo lililokosewa. Wasipoweza, waondoe ule mfano wa mpiga debe. Nilikuwa nao kabla yao na sitaki tena utumike.

Usiku ule tulipokuwa tukizima spika nilimwomba aniandikie ubeti wote wa lile shairi, niulete hapa uchapwe kama ulivyo, pamoja na kile kipande cha mizani saba. Alifikiri kidogo huku akijifuta grisi mikononi. Akasema haukuwahi kuwepo ubeti. Mishororo ilikuwa miwili tu. Wa tatu alikuwa bado anaufikiria daftari liliporudishwa.